Gari la Umeme na Pua ya Mke Wangu

Mke wangu hawezi kupanda gari. Haogopi, huyu ni mtu aliyewahi kumfukuza nyani shambani kwa mwiko. Tatizo lake ni pua. Harufu ya dizeli ikimfikia, tumbo linageuka, na safari inaishia kando ya barabara, yeye ameinama kwenye majani na mimi nimeshika khanga na chupa ya maji, abiria wote wakitutazama madirishani. Siku ya harusi yetu alikuja kanisani kwa miguu, akaliacha gari la kuazima likitangulia tupu. Waumini walisifu unyenyekevu wake. Mimi ndiye niliyejua sababu, nikanyamaza, maana sifa zilikuwa nzuri.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikutusumbua. Sisi wa milima ya Upare ni watu wa kutembea. Kijiji chetu kiko juu, upande wa Chome, na mke wangu alipotaka kwenda Same mjini alishuka kwa njia za mkato hadi tambarare, akalala kwa ndugu, na kesho yake akaendelea. Siku mbili, kichwani ana mkungu wa ndizi, na alifika akiwa na nguvu ya kuwasimanga wenye nyumba kwa vumbi la ukumbini. Kisha magoti yakazeeka. Tunamshukuru Mungu kwa kazi yaliyofanya, lakini yamezeeka.

Huko Same anaishi dada yake mkubwa, kwa mwanawe. Zamani dada alipanda mlimani kila Krismasi. Tangu alipoanguka na kuumia nyonga, ngazi ya basi letu imemshinda. Ukiitazama utafikiri waliipima kwa miguu ya twiga, na humo ndani mara nyingi mtu anasimama njia nzima. Basi Krismasi tano zikapita, yule hawezi kupanda, huyu hawezi kushuka. Walibaki na simu. Mwaka jana nilimsikia dada akisema, maana mke wangu huiweka simu kwenye sauti kubwa kama anatangaza msiba: "Mdogo wangu, sauti yako naijua. Sura ndiyo nimeanza kuisahau."

Mke wangu alicheka. Kisha akaenda kupepeta maharage ambayo alikuwa amekwisha kuyapepeta asubuhi.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia magari ya umeme.

Mimi ni mwinjilisti mstaafu. Nimefundisha kipaimara kwa vizazi vitatu, na sikuwahi kudhani kwamba uzeeni ningekuwa mwanafunzi wa betri. Lakini watoto wetu walininunulia simu ya kisasa ili nisome habari za dunia, na nilipotafuta habari za gari lisilo na moshi, simu ikanielewa kuliko nilivyotarajia. Kila nilipoifungua, ilinionyesha gari jipya. Hili linakuja mwakani. Lile limefichwa bado, limeonyeshwa taa tu. Lingine limechorwa, halijatengenezwa hata tairi, na tayari watu wanabishana juu yake kama wamelimiliki.

Nilijiwekea utaratibu. Baada ya sala ya asubuhi na chai, nilikaa kibarazani na kulipima kila gari kwa mambo matatu: tumbo lake liko juu kiasi gani kutoka chini, litafanya nini kwenye utelezi wa masika, na mke wangu atasemaje.

Mengi yalianguka kwenye jambo la kwanza. Kuna kigari kidogo cha mjini, kizuri, cha mviringo kama mche wa sabuni uliotumika. Nilikipenda. Lakini kwenye barabara yetu kingeingia kwenye shimo la kwanza na kubaki humo hadi kiangazi. Kuna jingine linaloondoka kwa kasi kiasi kwamba dereva anagandamana na kiti. Hilo niliona halitufai, kwetu hakuna sehemu iliyonyooka ya kutosha kufikia hiyo kasi ila hewani. Kuna linalokuja na kioo kikubwa kama runinga ya ukumbini, ili dereva aangalie kila kitu isipokuwa barabara. Yapo yanayosemekana yatajaza chaji kwa muda wa kunywa chai, na hayo nilitaka kujua ni chai ya nani, maana mke wangu hunywa chai hadi jua linageuka.

Lakini zilikuwepo habari za pikapu. Pikapu za kazi, hazina mapambo, tumbo juu, zinaundwa kwa ajili ya barabara kama zetu. Na nilisoma jambo moja lililonifanya nisimame: gari la umeme likiteremka mlima, breki zake zinarudisha umeme kwenye betri. Yaani linashuka huku linashiba! Nilisoma mara tatu. Nikatazama mlima wetu kwa macho mapya. Miaka yote hii tumelalamikia mteremko, kumbe tunaishi juu ya ghala.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wakati mnada wa mazao ya sadaka unaendelea nje ya kanisa, niliwaeleza wazee wenzangu. Sikuweza kungoja jogoo na mikungu iishe.

"Kwa hiyo ukishuka unapata umeme," alisema mzee mmoja tuliyebatizwa naye siku moja, mtu ambaye hajawahi kukubaliana nami tangu siku hiyo.

"Ndiyo."

"Na ukipanda?"

"Unautumia."

"Basi sawa na mshahara wa mwanangu. Unamfikia akishuka, unaisha akipanda."

Walicheka hadi mnadishaji akadhani wanapandisha bei ya jogoo. Mzee wa pili aliuliza kama gari likiwa bubu kiasi hicho, mbuzi watajuaje kupisha. Nikamjibu kwa uhakika wa mwalimu: hilo ndilo jambo kubwa la kuzingatia, halisikiki kabisa, itabidi sote tujifunze kutumia macho badala ya masikio. Nililisema hilo mbele ya mashahidi. Naomba lisisahaulike.

Nyumbani, mke wangu aliyapokea mafundisho yangu kama anavyopokea mvua ya rasharasha: bila kuingia ndani na bila kufurahi.

"Gari lisilokunywa mafuta linakula nini?"

"Umeme."

"Umeme wenyewe hapa unakatika wakati napiga pasi. Litafika wapi, jikoni?"

"Mama, halina moshi. Halina harufu hata kidogo."

Aliacha kumenya ndizi. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Nikilinusa nitakuambia," akasema, akaendelea kumenya. Lakini jioni hiyo nilimwona akilitoa sandukuni gauni lake la kitenge cha bluu, akalitazama, akalirudisha.

Mungu hujibu kwa njia zake. Mkwe wetu, mume wa binti yetu wa pili, ni fundi Arusha. Miaka yote alitengeneza injini, na sasa karakana yao imeanza kuzing'oa kwenye magari ya zamani na kuweka mota na betri. Nilipompigia simu kumwuliza juu ya magari yajayo, alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Baba, hayo ya kwenye simu yatakuja kwa wakati wake. Sisi tunayo pikapu moja tumeimaliza. Tunatafuta mlima mbaya wa kuijaribia."

Nikamwambia mlima mbaya anao ukweni.

Mpango ukawa hivi. Angepanda Jumanne jioni, apite moja kwa moja hadi shule ya sekondari iliyo juu ya kijiji, kwenye umeme wa uhakika, achaji na kulala kwa walimu. Kwetu mkwe halali nyumba moja na mama mkwe wake. Wanaheshimiana kwa umbali: hakai naye kiti jirani, hamwiti kwa sauti, na akipishana naye njiani anasogea yeye. Jumatano asubuhi, saa mbili, angeteremka na kutuchukua barabarani chini ya nyumba yetu. Pikapu ina kiti kimoja cha mbele kinachoenea watu watatu, na tulikubaliana kwamba mimi nitakaa katikati niwe ukuta. Angetushusha kwa dada, Same. Mke wangu alimpigia dada kumwambia. Sijui walisema nini, kwa sababu siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hakuweka sauti kubwa.

Sasa ni lazima nieleze namna tunavyongoja gari huku kwetu. Hatusimami barabarani, kuna baridi, kuna ukungu, na nyumba ziko pembeni ya barabara kwenye migomba. Tunangoja ndani, kwa masikio. Basi la asubuhi likinguruma kwenye kona ya msitu, una muda wa kumaliza chai. Likibadilisha gia kwenye daraja la mbao, vaa viatu. Likianza kulia kama ng'ombe anayezaa, limefika kwa jirani: toka na mzigo. Mtoto wa kwetu hujifunza hayo kabla ya kujua kusoma. Hakuna anayetazama saa.

Jumatano hiyo tuliamka mapema. Nilizima simu kwa ajili ya sala, kama kawaida yangu. Tulimwombea dereva, tukaiombea betri, na mke wangu akaongeza ombi lake mwenyewe kuhusu tumbo. Alivaa gauni la bluu. Kapu la dada lilikuwa tayari: ndizi, maharage, maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na parachichi zilizofungwa kwa majani makavu mojamoja kama mayai. Tukaketi ukumbini tumejiinamia kidogo, kama watu wa kwetu wanavyoketi wakingoja gari.

Tukasikiliza.

"Kimya," alisema mke wangu.

"Litakuja."

Tukasikiliza tena. Kuku alitaga na kujitangaza. Mahali fulani mtu alipasua kuni. Mke wangu alitengeneza chai ya pili. Niliwaza kwamba huenda kijana amechelewa kwa sababu ya ukungu, nikaona ni busara yake kutokimbilia. Saa nne ilipita. Ndipo mke wangu, ambaye hajawahi kusoma hata mstari mmoja kuhusu magari ya umeme, akaniuliza polepole:

"Mzee wangu. Hivi tunasikiliza nini?"

Sitasahau jinsi nilivyohisi. Nilisimama, nikawasha simu, nikateremka hadi barabarani. Kwenye udongo wenye unyevu palikuwa na alama za tairi zilizosimama, na mbele ya alama hizo, viatu vya mtu aliyetembeatembea kwa muda mrefu. Simu ikalia mkononi. Ujumbe ulikuwa wa saa tatu: "Shikamoo baba. Nimengoja hapa tangu saa mbili kasoro. Simu haipatikani. Naona mama hajawa tayari na safari, nisimlazimishe. Nashuka na mzigo wa shule wa kupeleka Same, wananisubiri. Nisameheni."

Kwa nini hakupiga honi? Mtu wa mahali pengine angeuliza hivyo. Amwite mama mkwe wake kwa honi, kama konda? Angekufa kwanza. Kuja mlangoni kugonga asubuhi na mapema, labda mama mkwe anajifunga khanga? Nako hapana. Alisimama na heshima yake barabarani, na sisi tukakaa na masikio yetu ndani, katikati yetu hatua chache tu na migomba.

Nilirudi kumwambia mke wangu. Nilijiandaa kwa maneno, maana nilistahili.

"Uliwaambia watu wote kanisani kwamba halisikiki."

"Niliwaambia."

"Itabidi tutumie macho."

"Ndivyo nilivyosema."

Akacheka, lakini kicheko kiliisha mapema. Aliingia chumbani akavua gauni la bluu. Nilimsikia akilikunja taratibu. Alipotoka alikuwa na nguo za kazi, akaenda jikoni akawasha moto bila kuwa na kitu cha kupika. Nilimpigia mkwe, hakupatikana. Kwenye mteremko ule mtandao hupotea. Nikakaa kibarazani nikaomba msamaha kwa Mungu, kisha kwa mke wangu kupitia dirisha la jikoni.

"Basi, mzee," alisema kutoka kwenye moshi. "Krismasi ya sita si mbali."

Kilichotokea Same niliambiwa baadaye. Mkwe alishusha mzigo wa shule, akaona si adabu kupita bila kumwomba radhi dada, maana alijua amepika kwa ajili ya wageni. Alimkuta ameketi nje ya mlango na fimbo yake, amevaa viatu vya kanisani. Akamweleza kwamba mama hakuweza kuja.

"Gari liko tupu?" dada aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na unarudi nalo juu?"

"Kesho, mama. Nina jaribio la kupanda."

"Jaribu leo."

Mwanawe alipinga, akataja nyonga, akataja daktari. Dada alimwambia apakie sufuria la pilau garini na afunge mdomo. Ngazi ya pikapu ilikuwa fupi. Mkwe aliweka na kreti ya soda, na dada akapanda kama bibi harusi.

Mimi nilikuwa bandani nikiwapa mbuzi majani. Saa kumi hivi nikasikia mke wangu akipiga kelele, na mbio zangu hazikuwa za mwinjilisti mstaafu. Nilipofika uani nilimkuta amesimama mbele ya dada yake, mikono yake yenye masizi ameiinua juu asimchafue, na dada amemshika mashavu yote mawili. Hatukusikia chochote. Gari lilikuwa pale chini ya migomba, na mkwe amesimama nyuma yake, ametazama upande mwingine.

"Umezeeka!" dada alisema.

"Wewe je? Umekuwa mfupi!"

"Ni fimbo inanivuta chini. Na wewe hilo jino limeenda wapi?"

"Liko kwenye simu. Si ulikuwa unasikia sauti tu?"

Kisha wakahamia Kipare, na kasi ikawa kubwa kiasi kwamba mimi, Mpare wa kuzaliwa, niliachwa nyuma. Walikula pilau iliyopoa. Walizungumza siku tatu. Nilipojaribu kuingiza neno kuhusu betri, dada aliniambia, "Shemeji, tutakuita."

Jumamosi mkwe alipaswa kurudi Arusha, na dada kurudi Same. Mkwe alisimamisha gari barabarani, na safari hii akamtuma mke wa mmoja wa walimu wa shuleni aje kugonga. Mke wangu akatoka kumsindikiza dada. Kwetu mgeni hasindikizwi hadi mlangoni, huyo umemfukuza. Tulifika kwenye gari. Dada akapanda, akakaa katikati, mahali pa ukuta.

"Nisindikize hadi kwenye kona," alisema.

Mke wangu alilitazama gari. Alisogea, akanusa karibu na tairi, akanusa mlango, akanusa kiti. Akapanda, maana mgeni alikuwa ameomba, na alikuwa na nguo za nyumbani na ndara miguuni.

Kwenye kona ya msitu gari halikusimama. Nilijua hivyo kwa kutazama, sikuwa na namna nyingine. Mkwe alikuwa amenitaka radhi kwamba hawezi kumbeba baba mkwe nyuma kama mbuzi, kwa hiyo nilibaki barabarani. Mimi niliyesoma habari za magari yale mwaka mzima, nililiona linaishia kwenye ukungu bila hata kuketi ndani yake.

Saa nane simu ililia. Sauti kubwa, bila shaka, na nyuma yake vicheko vya nyumba nzima.

"Umefika?" niliuliza.

"Nimefika, nimekaa, ninakula."

"Tumbo?"

"Tumbo lipo."

"Asante Mungu. Na gari lenyewe, umelionaje? Mteremko wa daraja, ulisikia linavyorudisha umeme? Kuna taa ya kijani inawaka."

"Sijui. Tulikuwa tunaongea."

"Harufu je?"

Alifikiri. "Dada anajipaka mafuta ya mchaichai. Sikusikia kingine."

Nilimwuliza atarudi lini. Nikasikia dada anacheka kwa mbali. Mkwe alikuwa amekwisha ondoka kwenda Arusha. Yeye na mafundi wenzake walikuwa wanaenda kuifungua pikapu yote kuona mlima wetu umeifanya nini, na wakimaliza hiyo waanze nyingine. Hakujua ni lini ingepanda tena.

"Basi lipo kila siku," nilisema.

"Basi la dizeli?" alijibu mke wangu. "Mimi nitarudi na gari la umeme, mzee. Maharage yako kwenye chungu cha upande wa kulia. Ukiyapasha moto ukoroge, yasiungue."

Nilikoroga. Yaliungua kidogo, si sana. Baada ya kula na kushukuru, niliketi kibarazani, nikavaa miwani, nikafungua simu na kuanza kutazama upya magari yote yanayokuja, hata kile kigari cha mviringo, kwa jicho la mtu ambaye sasa ana haraka.